Atiman: Mateka wa Sahara aliyekuwa tabibu wa Karema kwa miaka 67

Na Mwandishi Wetu, Sumbawanga

JINA la Dk. Atiman hutajwa kila siku katika mji wa Sumbawanga. Mgonjwa akizidiwa, mama akishikwa na uchungu au mtoto akivunjika mkono, ndugu zake huenda katika hospitali ya Jimbo Katoliki la Sumbawanga inayoitwa kwa jina hilo. Hata hivyo, ni wachache miongoni mwa wanaolitaja wanaofahamu kwamba mwenye jina hakuwa Mfipa, hakuwa Mzungu, wala hakuzaliwa katika nchi ambayo leo ni Tanzania.

Adrien Atiman alizaliwa karibu mwaka 1866 katika kijiji cha Tindirma, kando ya Mto Niger, si mbali na mji wa Timbuktu katika nchi ambayo leo ni Mali. Alitekwa akiwa mtoto mdogo, akavushwa Jangwa la Sahara na kuuzwa kama mtumwa. Alifariki dunia mwaka 1956 akiwa na umri wa miaka ipatayo 90 katika kijiji cha Karema, mwambao wa Ziwa Tanganyika, chini ya uwanda wa juu wa Ufipa. Miaka 67 ya maisha yake aliitumia kuwatibu watu wa mwambao huo.

Habari za maisha yake zimetufikia kwa njia mbili. Ya kwanza ni barua na shajara za wamisionari, ambazo ndani yake Atiman na mamia ya wenzake waliokombolewa utumwani wanasimuliwa na watu wengine. Ya pili ni masimulizi yake mwenyewe, aliyoyaandika akiwa mzee. Tofauti iliyopo kati ya maandishi hayo ndiyo inayoyapa maisha yake uzito wa pekee katika historia ya utumwa Afrika Mashariki.

Mtoto wa Tindirma

Katika miaka ya 1860 na 1870, biashara ya watumwa ilikuwa bado inaendelea katika jangwa la Sahara, ingawa mataifa ya Ulaya yalikwisha kuipiga marufuku katika Bahari ya Atlantiki. Misafara ya ngamia ilisafirisha watu kutoka nchi za Niger kwenda kaskazini, ikitumia wiki nyingi kutoka kisima kimoja hadi kingine.

Watuareg ndio waliomteka Atiman. Mtoto huyo hakuwa na uwezo wa kujua anakopelekwa wala umbali wa safari yenyewe. Msafara uliomchukua ulifika Metlili, mji wa jangwani kusini mwa Algeria, ambako katikati ya miaka ya 1870 alinunuliwa na mapadre wa Shirika la Wamisionari wa Afrika, maarufu kwa jina la Mapadre Weupe kutokana na kanzu zao nyeupe.

Shirika hilo lilianzishwa mwaka 1868 na Charles Lavigerie, Askofu Mkuu wa Algiers ambaye mwaka 1882 alifanywa Kardinali. Lilianza kwa kulea mayatima wa njaa kuu iliyoikumba Algeria mwaka 1867 na 1868, kisha likageukia watoto wa Kiafrika walioletwa na misafara ya jangwani. Mapadre waliwanunua, wakawaweka katika nyumba za malezi na kuwasomesha. Atiman alikuwa miongoni mwa watoto hao, na jina la Adrien alipewa alipobatizwa.

Barua za kuombea fedha

Ukombozi wa aina hiyo uligharimu fedha nyingi, na fedha zilipatikana kwa kalamu. Lavigerie alikuwa mwandishi hodari wa barua. Aliwaandikia maaskofu, matajiri, wanasiasa na waumini wa kawaida wa Ufaransa na Ubelgiji, akiwaeleza mateso ya watumwa na kuwaomba wachangie. Kutoka katika vituo vya mbali, mapadre nao walimwandikia yeye, na sehemu za barua zao zikachapishwa katika majarida ya misioni ili wafadhili wazisome.

Aidha, Lavigerie aliagiza kila kituo kiwe na shajara ya kuandikwa kila siku. Kwa sababu ya agizo hilo, mambo mengi ya mwambao wa Tanganyika katika miaka ya mwisho ya karne ya 19 yanajulikana leo: misafara iliyopita, bei ya chakula, vifo vya homa, na majina ya watu walionunuliwa ili wawe huru.

Ikumbukwe, hata hivyo, kwamba barua hizo ziliandikwa kwa lengo maalumu. Mwandishi alitaka kumgusa msomaji wa Paris au Brussels ili afungue mfuko wake. Kwa hiyo mtumwa aliyetajwa ndani yake alionekana zaidi kama mtu wa kuhurumiwa, aliyekutwa katika hali mbaya kisha akaokolewa. Mambo aliyoyaacha nyuma, lugha ya mama yake na mawazo yake kuhusu maisha mapya aliyopewa hayakupata nafasi kubwa. Mfadhili aliyelipa gharama ya ukombozi aliweza hata kuchagua jina la ubatizo la mtoto ambaye hangemwona maishani mwake.

Shule ya Malta

Mwaka 1881 Lavigerie alifungua chuo katika kisiwa cha Malta. Nia yake ilikuwa kuwachukua vijana waliokombolewa utumwani na kuwasomesha udaktari katika Chuo Kikuu cha kisiwa hicho, kisha kuwapeleka Afrika ya Kati wakiwa matabibu na makatekista kwa wakati mmoja.

Mpango huo ulikuwa na hesabu zake. Wamisionari wa Kizungu walikuwa wakifa kwa malaria na kuhara damu kabla hawajajifunza lugha za wenyeji. Lavigerie aliamini kwamba daktari wa Kiafrika angestahimili hali ya hewa, angepokelewa upesi na wananchi na angeweza kuishi kwa kazi ya mikono yake. Alitaka vijana hao waoe, wajenge nyumba zao kijijini na wala wasiige maisha ya Kizungu kiasi cha kutengana na watu watakaowahudumia.

Atiman alisomea huko hadi mwaka 1888. Ni jambo la kutafakari kwamba wakati huo, mtoto aliyeuzwa jangwani miaka kama 12 iliyotangulia alikuwa amepata elimu ya tiba ya kiwango cha Ulaya, miaka mingi kabla ya utawala wa kikoloni kufikiria kuwafundisha udaktari Waafrika wa Tanganyika.

Safari ya bara

Mwaka 1888 ulikuwa wa kelele nyingi kuhusu utumwa. Mwezi Mei, Brazil ilikomesha utumwa, ikiwa nchi ya mwisho ya bara la Amerika kufanya hivyo. Mwezi Julai, Lavigerie alihutubia Paris na London, akianza kampeni ambayo ilichangia kuitishwa kwa Mkutano wa Brussels wa mwaka 1889 na 1890 kuhusu kupambana na biashara ya watumwa.

Katika mwaka huohuo Atiman alijiunga na msafara wa wamisionari uliokuwa ukienda Tanganyika. Walipitia Zanzibar, ambako soko la watumwa lilikuwa limefungwa tangu mwaka 1873 kwa mkataba uliosainiwa na Sultani Barghash. Kufungwa kwa soko hilo hakukuwa kumemaliza biashara yenyewe huko bara, ambako bunduki na vitambaa viliendelea kubadilishwa na watu na pembe za ndovu.

Pwani nayo ilikuwa inachafuka. Wakati msafara huo ukielekea bara, wakazi wa pwani wakiongozwa na Abushiri bin Salim walianza vita dhidi ya kampuni ya Kijerumani iliyojitwalia mamlaka juu ya miji yao. Atiman alifika Karema mwaka 1889.

Njia aliyoipita ilikuwa ileile waliyopitishwa mateka wa bara, yeye akienda magharibi na wao wakiletwa mashariki. Kwa mtu aliyewahi kuvushwa jangwa akiwa bidhaa, kukutana na misafara ya aina hiyo hakukuwa jambo la kusimuliwa na wengine.

Ngome iliyoachwa na maji

Karema haikuanzishwa na mapadre. Mwaka 1879 Kapteni Cambier, Mbelgiji, alijenga ngome hapo kwa niaba ya chama cha Kimataifa kilichoongozwa na Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Katika miaka iliyofuata maji ya Ziwa Tanganyika yalipungua sana baada ya Mto Lukuga kufungua njia yake upande wa magharibi, na ngome iliyojengwa kando ya ziwa ikajikuta mbali na maji. Mwaka 1885 Leopold, ambaye macho yake sasa yalikuwa Kongo, aliwakabidhi Mapadre Weupe kituo hicho.

Juu ya mwambao huo kuna uwanda wa Ufipa, nchi ya baridi na upepo iliyosifika kwa nafaka, kwa vitambaa vya pamba vilivyofumwa na wenyeji na kwa mafundi wa kuyeyusha chuma katika tanuru ndefu za udongo. Wingi wa chakula uliifanya Ufipa kuwa kituo muhimu cha misafara iliyotoka Itawa, Ulungu na Marungu kuelekea Tabora na pwani. Misafara ilinunua chakula Ufipa, na ndani yake walikuwamo mateka waliofungwa minyororo na makongwa.

Baadhi ya mateka hao, hasa wanawake na watoto, waliishia Karema. Mapadre waliwanunua kwa vitambaa na shanga, wakawapa mashamba na kuwaozesha wao kwa wao. Kikakua kijiji cha watu wa makabila mengi ambao hawakuwa na ukoo wa pamoja, na ambao lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili.

Uhuru wa Karema ulikuwa na mipaka yake. Waliokombolewa walitakiwa kufuata kengele ya misioni, kusali, kufanya kazi na kutii amri za mapadre. Wengine walitoroka. Hapakukosekana pia hoja kwamba kuwanunua mateka, hata kwa nia njema, kulimpa mfanyabiashara faida na kumhimiza arudi tena. Upande wa pili wa hoja ni kwamba mtoto mwenye njaa aliyesimama mlangoni hakuweza kungoja sheria ibadilike.

Hatari ya kuvamiwa nayo ilikuwapo. Kutoka Ujiji, Muhammad bin Khalfan, maarufu kwa jina la Rumaliza, alitawala biashara ya ziwa na majeshi yake yalitishia vituo vya misioni. Ulinzi uliongozwa na Kapteni Léopold Joubert, Mfaransa aliyewahi kuwa askari wa Papa, ambaye makazi yake yalikuwa ng'ambo ya ziwa na ambaye vijana waliokombolewa walikuwa sehemu ya jeshi lake dogo. Mapambano hayo yaliendelea hadi Rumaliza aliposhindwa na majeshi ya Wabelgiji mwishoni mwa mwaka 1893 na mwanzoni mwa 1894. Tabibu wa eneo hilo, kwa vyovyote, hakukosa majeruhi.

Tabibu na mkwe wa wenyeji

Atiman alimwoa Agnes Wansahira, mwanamke wa ukoo wa kitemi wa Wabende, majirani wa Karema. Katika jamii ambayo mtu asiye na ukoo alihesabika karibu sawa na mtumwa, ndoa hiyo ilikuwa na maana kubwa. Ilimfanya kuwa mkwe, na baadaye baba na mzee wa mahali hapo. Walijaliwa mtoto mmoja wa kiume, Yosefu, ambaye katika miaka ya 1920 alipewa upadre, akawa mmoja wa mapadre wa kwanza Waafrika wa eneo hilo.

Kazi ya tiba ilianza alfajiri kwa foleni ya wagonjwa na haikuwa na mwisho maalumu. Magonjwa yalikuwa yale ya mwambao: homa, kuhara damu, ndui, buba, macho na vidonda visivyopona. Palikuwa pia na majeraha ya risasi na ya wanyama, kwani simba, tembo na mamba walikuwa wengi. Alifanya upasuaji katika mazingira ambayo hayakuwa na vifaa vya kutosha wala daktari mwingine wa kumshauri.

Dawa kutoka Ulaya zilichukua miezi kufika na mara nyingi ziliisha kabla ya shehena nyingine. Atiman alijifunza dawa za miti kutoka kwa waganga wa mwambao, akazijaribu na kuzitumia pamoja na elimu yake ya Malta. Katika nchi ambayo hata jina la Sumbawanga huelezwa na wenyeji kuwa ni amri ya kutupa uchawi, ugonjwa haukutenganishwa kirahisi na husuda au mizimu. Tabibu aliyetaka kuaminiwa alihitaji kujua watu wanaogopa nini. Atiman alikaa nao kwa muda wa kutosha kulijua hilo.

Vijana wenzake wa Malta walitawanywa katika vituo mbalimbali vya Afrika ya Kati, na wengi hawakudumu katika kazi hiyo. Chuo cha Malta nacho kilifungwa mwaka 1896, miaka minne baada ya kifo cha Lavigerie. Atiman ndiye aliyeufanya mpango huo ukumbukwe.

Tawala zapita, tabibu abaki

Alipofika Karema, Wajerumani walikuwa hawajaifikia. Aliwaona wakija na kuweka boma lao Kasanga, waliyoiita Bismarckburg. Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa malale ulienea katika mwambao wa ziwa, na Serikali ya Kijerumani ikalazimika kufungua kambi za wagonjwa. Mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yaliingia Karema. Mwaka uliofuata alifariki Askofu Adolphe Lechaptois, aliyeliongoza Kanisa la eneo hilo tangu mwaka 1891 na kuandika kitabu kuhusu Wafipa na majirani zao. Hatimaye wakaja Waingereza.

Wengi hudhani kwamba utumwa ulikwisha Wajerumani walipofika. Ukweli ni kwamba Serikali yao haikuufuta. Iliweka taratibu za mtumwa kujikomboa, na kwa amri ya mwaka 1904 ilitangaza kuwa watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya Desemba 31, 1905 watakuwa huru. Waliozaliwa kabla ya tarehe hiyo waliendelea kuwa mali ya mabwana zao. Ni mwaka 1922, chini ya Waingereza, utumwa ulipofutwa kabisa kisheria katika Tanganyika. Wakati huo Atiman, aliyenunuliwa mwenyewe akiwa mtoto, alikuwa amefanya kazi ya udaktari Karema kwa miaka 33.

Kalamu mikononi mwake

Mwaka 1946, Atiman akiwa na umri wa miaka ipatayo 80, jarida la Tanganyika Notes and Records, lililokuwa likichapa habari za historia na mila za nchi hii, lilichapisha kwa Kiingereza masimulizi ya maisha yake yaliyoandikwa na yeye mwenyewe. Humo ndimo alimoeleza kutekwa kwake, safari ya jangwani, masomo na kazi yake ya Karema.

Umuhimu wa maandishi hayo unaonekana yanapowekwa kando ya barua za misioni. Katika barua, mtoto aliyekombolewa ni mmoja kati ya wengi, ametajwa kwa mistari michache na mtu aliyeandika kwa ajili ya wafadhili. Katika masimulizi ya mwaka 1946, aliyekombolewa ndiye anayechagua lipi lisemwe na lipi lianze.

Dunia ilikwisha kuona maandishi ya namna hiyo. Olaudah Equiano, Mwafrika aliyenunua uhuru wake, alichapisha habari za maisha yake mjini London mwaka 1789, miaka 100 kamili kabla Atiman hajafika Karema. Frederick Douglass aliandika zake Marekani mwaka 1845. Katika Afrika Mashariki maandishi kama hayo ni machache mno, kwa kuwa mateka wengi hawakujua kusoma, na waliojua hawakuulizwa.

Kwa sababu hiyo, wengi wa watu walioishi pamoja na Atiman wamebaki majina ya ubatizo katika shajara, bila jina la baba wala kijiji walikotoka. Wajukuu wao wapo, wamechanganyika na Wabende, Wafipa na wengineo. Katika familia nyingi habari za kununuliwa kwa babu au bibi hazikusimuliwa, kwani kuwa wa asili ya utumwa kulihesabiwa kuwa aibu. Atiman hakuona aibu. Alikuwa mtu mwenye heshima kubwa na angeweza kunyamaza kuhusu mwanzo wake, lakini aliuandika na kuuweka mbele ya umma.

Aliendelea kuishi Karema hadi alipofariki mwaka 1956, miaka mitano kabla ya Uhuru. Jimbo la Karema lilibadilishwa jina mwaka 1969 na kuwa Jimbo la Sumbawanga, na mwaka 2000 eneo la Karema likawa chini ya Jimbo jipya la Mpanda. Kiserikali, kijiji hicho kilikuwa katika Mkoa wa Rukwa hadi mwaka 2012 ulipoanzishwa Mkoa wa Katavi. Miaka ya karibuni imejengwa hapo bandari ya kisasa inayolenga biashara na Kongo, ng'ambo ya ziwa lilelile ambalo mateka walivushwa.

Jina la Atiman limevuka mipaka hiyo yote. Jijini Dar es Salaam, nyumba ya Mapadre Weupe huitwa kwa jina lake. Sumbawanga, limebaki katika kazi aliyoichagua: mlangoni mwa hospitali, mahali ambapo mgonjwa haulizwi ametoka ukoo gani.